Majani makavu si takataka: somo kutoka vishamba vya Nottingham

Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi mapema Desemba, majani ya miti nchini Uingereza hupukutika kwa tani na tani. Huziba mifereji ya maji ya mvua, hufanya njia za waenda kwa miguu kuteleza, na yakilala juu ya reli huchelewesha treni. Halmashauri huingiza barabarani magari ya kufagia. Wenye nyumba nao hushika reki, hujaza mifuko na kuiweka nje ikachukuliwe pamoja na taka nyingine za bustani.

Wapo, hata hivyo, wanaoyasubiri majani hayo kwa hamu. Hao ni wakulima wa vishamba vya kukodi, watu wa mjini ambao ardhi yao yote ni kipande walichopangishwa na halmashauri. Ukifika Novemba utawaona na toroli zao, wakiomba kwa jirani mfuko alioufunga tayari kuutupa. Wanachokitafuta ni mboji ya majani: kitu cheusi, chepesi, kisichonuka, kinachotokana na majani makavu matupu, maji na muda. Dukani ni adimu, maana wafanyabiashara wachache wako tayari kukalia mali ghafi miaka miwili kabla ya kuiuza.

Msomaji wa Morogoro au Machakos anaweza kujiuliza habari hizi zinamhusu nini. Zinamhusu, na sababu tutaifikia. Kwanza tuone jinsi wenzetu wanavyofanya.

Ardhi ya mtu asiye na ardhi

Nottingham ni mji wa katikati ya Uingereza, na ndani yake kuna St Ann's Allotments, eneo la hekta 30 hivi lililogawanywa katika mamia ya vishamba. Kati ya kishamba na kishamba kuna ua mrefu wa miti ya miiba, kiasi kwamba ukipita njiani huoni kinachoendelea ndani mpaka ufunguliwe lango. Zama za Malkia Victoria, wenye maduka na mafundi walioishi katika nyumba zisizo na uwanja walikodi vipande hapa, wakapanda miti ya matunda na maua, wakajenga vibanda vya matofali vya kupumzikia. Vibanda kadhaa bado vimesimama. Leo eneo lote limeorodheshwa kama urithi wa taifa, na linahesabiwa kuwa kubwa na kongwe kuliko yote ya aina yake.

Kwingineko nchini vishamba hivi si vya kifahari kiasi hicho. Sheria ya mwaka 1908 ilizibana halmashauri zitoe ardhi kwa wakazi wanaotaka kulima chakula chao, na kipimo cha jadi cha kishamba kimoja ni takriban mita za mraba 250, yaani kama mita 10 kwa 25. Mpangaji hulipa kodi kila mwaka na hupewa masharti: alime, asiache magugu yakavamia kwa jirani, asijenge nyumba. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ilipowahimiza raia kulima ili nchi isife njaa, vishamba vilifikia kama 1,400,000. Vilipungua sana baada ya hapo, lakini watu wanaovitaka hawajaisha. Katika miji mingi mwombaji huandikishwa jina na kusubiri miaka.

Wanaolima humo si Waingereza wa asili peke yao. Handsworth, mtaa wa Birmingham wenye watu wengi waliotoka visiwa vya Karibi, mchicha hupandwa kando ya kabichi na viazi. Kila anayepanda mbegu ndogo namna ile anajua shida ya udongo wa mfinyanzi: ukinyeshewa unashikamana, ukikauka unapasuka, na mche mchanga haupenyi. Hapo ndipo mboji ya majani inapothaminiwa.

Mti haumwagi mali yake ovyo

Wengi hudhani jani lililoanguka limejaa virutubisho. Sivyo. Siku zinapofupika na baridi kuanza, mti huvunja kijani kilichomo ndani ya jani na kurudisha shinani sehemu kubwa ya nitrojeni na fosforasi. Kijani kikiondoka, rangi ya manjano iliyokuwa imefichwa huonekana, na baadhi ya miti huongeza wekundu. Kisha katika kikonyo hujengeka tabaka jembamba la kutenganisha jani na tawi, upepo mdogo ukipita jani linadondoka. Mti hapo umefanya kama mpangaji anayehama: samani amebeba, kuta ameziacha.

Kuta hizo ni selulosi na lignini, ile lignini inayoufanya mti uwe mgumu. Bakteria wanaopika biwi la mbolea vunde hawaiwezi vizuri. Wao wanataka chakula chenye nitrojeni, kiasi cha sehemu moja kwa kila sehemu 25 hadi 30 za kaboni. Wakikipata hufanya kazi kwa kasi, na biwi linaweza kufika nyuzi joto 60. Majani makavu yana kaboni nyingi mno kwao, mara nyingi 40 hadi 80 kwa moja. Ukiyarundika peke yake hayapati moto. Yanakaa baridi, na kazi inashikwa na kuvu.

Ukichimbua rundo la mwaka mmoja utaikuta kazi hiyo ikiendelea. Majani ya juu bado ni makavu na yana umbo lake. Chini kidogo yameshikana kama kurasa za kitabu kilicholowa, na ukiyabandua moja moja unaona nyuzi nyeupe nyembamba zikitambaa kwenye mishipa ya jani. Hao ndio kuvu, wanaotoa vimeng'enya vya kumeng'enya lignini polepole. Chini zaidi jani halitambuliki tena, isipokuwa kikonyo hapa na mshipa pale. Na chini kabisa, kwenye rundo la miaka miwili, kuna mboji yenyewe. Ukiifinya kiganjani inashikana, ukiigusa kwa kidole inasambaratika, na mkono unabaki na unyevu bila kuchafuka kwa tope.

Nyungunyungu nao wana sehemu yao. Charles Darwin, mwanasayansi aliyejulikana zaidi kwa nadharia ya mageuzi ya viumbe, alitumia miaka mingi kuwachunguza nyumbani kwake Kent, na kitabu chake cha mwisho, kilichotoka mwaka 1881, kilihusu jinsi wanavyotengeneza udongo. Alichomoa majani 227 yaliyokuwa yamevutwa na nyungunyungu ndani ya mashimo yao, akakuta 181 yameingizwa kwa ncha, upande ulio rahisi kupita shimoni. Akaona kwamba viumbe hao, wasio na macho, wana namna fulani ya kuchagua. Mwaka uliofuata Darwin alifariki, lakini kazi yake iliwafanya watu wengi wamtazame nyungunyungu kwa heshima ambayo hawakuwa nayo.

Nguzo nne na wavu

Kutengeneza mboji ya majani hakuhitaji elimu kubwa. Njia ya kawaida vishambani ni kizimba. Mkulima hupigilia nguzo nne ardhini, mita moja kati ya nguzo na nguzo, akazungushia wavu wa kufugia kuku na kuufunga kwa waya. Kifuniko si lazima, sakafu haitakiwi. Wavu kazi yake ni kuzuia upepo usirudishe majani barabarani, huku hewa na mvua vikipita.

Majani huokotwa siku baada ya mvua, yakiwa yamelowa. Yakiwa makavu, kila tabaka humwagiwa maji, kwa sababu kuvu bila unyevu hulala. Kizimba kikijaa mkulima huingia ndani na kukanyaga, kisha hujaza tena. Hata hivyo baada ya miezi michache rundo hushuka sana, na anayeanza mara nyingi hushangaa kuona kizimba alichokijaza hadi juu kimebaki na mboji ya toroli chache tu. Ndiyo maana wazoefu hawachoki kuokota.

Asiye na nafasi ya kizimba hutumia mifuko myeusi ya taka. Anajaza majani yaliyolowa, anaufunga mfuko bila kuukaza, anautoboa kwa uma wa bustani sehemu kadhaa, kisha anausukumia nyuma ya kibanda na kuusahau. Anayetaka kuharakisha huyatandaza majani kwenye nyasi na kuyapitia kwa mashine ya kukatia nyasi. Mashine huyakatakata na kuyachanganya na majani mabichi ya nyasi, yenye nitrojeni ambayo majani makavu hayana.

Kazi inayobaki ni ndogo: kumwagia maji kiangazi kikiwa kikali, na kulipindua rundo mara moja moja kwa mwenye nguvu. Wakulima wengi huwa na vizimba viwili, kimoja cha majani ya mwaka huu, kingine cha yale yanayomalizia kuoza.

Si kila jani, wala si kila mahali

Majani hayalingani. Ya mwaloni yanasifiwa na wakulima karibu wote wa huko, na mboji yake ni laini. Majani manene, kama ya sikamori na ya chestnati, huchelewa, hivyo ni afadhali yakatwekatwe kwanza. Kaidi kuliko yote ni majani mapana yenye ngozi ngumu ya miti ya pleni iliyopandwa kwa wingi katika mitaa ya London. Miti isiyopukutisha majani, kama holi, ina majani yenye nta ambayo hukaa muda mrefu bila kubadilika. Sindano za misonobari huchukua miaka miwili hadi mitatu, na kwa kuwa mboji yake huelekea uchachu, hutengwa kwa mimea inayopenda udongo wa namna hiyo.

Kuhusu mahali pa kuokota, ushauri wa wazoefu ni huu: epuka kingo za barabara zenye magari mengi, kwa kuwa majani ya hapo yamebeba masizi na uchafu wa magari, mbali ya vioo, plastiki na vichungi vya sigara. Usiende msituni kuokota. Majani ya msitu ni chakula cha msitu wenyewe na makazi ya wadudu wake. Bustani za watu, viwanja vya makanisa, njia ndogo za mtaani na mabustani ya umma ambako majani yangefagiwa na kutupwa vinatosha. Baadhi ya halmashauri, zikishafagia, hupeleka majani hayo moja kwa moja vishambani, zikiokoa gharama ya kuyatupa.

Kuna na mgeni wa kuangaliwa. Kalunguyeye wa Uingereza hulala majira yote ya baridi, na hakuna kitanda anachokipenda kuliko rundo la majani. Kabla ya kuchomeka uma, mkulima mwangalifu hulifukua rundo kwa mikono. Tahadhari hiyo hutangazwa zaidi kila inapokaribia tarehe 5 Novemba, usiku ambao Waingereza huwasha mioto mikubwa kukumbuka njama ya mwaka 1605 ya kulilipua Bunge. Mioto hiyo huja wakati uleule majani yanapopukutika, na kalunguyeye hawezi kutofautisha rundo la kulalia na rundo la kuchomwa.

Si chakula, ni godoro

Mboji hii itumike vipi? Ikiwa ya mwaka mmoja, nusu imeoza, hutandazwa kuzunguka mimea unene wa sentimita tano hivi. Hapo huzuia magugu, hulinda udongo usipigwe na mvua, na hutunza unyevu. Ikitimiza miaka miwili huchekechwa, na ile laini inayopita kwenye chekeche ndiyo ya kusia mbegu, peke yake au ikichanganywa na mchanga na udongo wa kawaida.

Anayeitumia ajue mipaka yake. Nitrojeni, fosforasi na potasiamu zimo kidogo sana, kwa sababu mti ulishazichukua. Mahindi au kabichi zikipandwa humo bila samadi wala mbolea vunde zitakonda. Lakini udhaifu huo ndio unaofaa kwenye kitalu. Mbegu huja na akiba yake ya chakula. Inachohitaji wiki za mwanzo ni maji, hewa na njia ya kupitisha mzizi. Mboji ya majani hushika maji mengi kuliko uzito wake mkavu na bado huacha nafasi za hewa. Karoti, ambayo huota mizizi yenye matawi ikikuta samadi mbichi, hunyooka vizuri humo.

Wapo walioiongezea nguvu. Lawrence Hills, aliyeanzisha mwaka 1954 chama cha utafiti wa kilimo hai ambacho leo kinajulikana kama Garden Organic, alikuwa bingwa wa mmea uitwao komfri, wenye majani mapana yenye potasiamu nyingi. Wakulima waliomfuata hupanga tabaka la majani ya komfri na tabaka la mboji ya majani ndani ya pipa, na baada ya miezi kadhaa hupata mchanganyiko wenye chakula wa kukuzia miche kwenye vyungu.

Ujuzi uliosahaulika, kisha ukarudi

Karne ya 19, mtunza bustani wa jumba lolote kubwa la Uingereza alikuwa na lundo lake la majani, na kila mmoja alikuwa na siri yake ya kuchanganya udongo. Mambo yalibadilika miaka ya 1930. Watafiti wa taasisi ya John Innes, iliyokuwa Merton, kusini mwa London, walitaka mchanganyiko mmoja ulio sawa siku zote na usioleta magonjwa kwenye miche. Mboji ya majani haikuwapa uhakika huo, kwani ya bustani hii haikufanana na ya bustani ile. Wakaiacha, wakatumia udongo uliopashwa moto, mchanga na peati. Kanuni zao zilienea kote, na baada yao zikaja biashara za mifuko ya peati peke yake.

Peati ni mabaki ya mimea ya vinamasi ambayo haikuoza kwa sababu ilizama majini bila hewa. Hujijenga kwa kiasi cha milimita moja kwa mwaka, kwa hiyo kina cha mita moja ni kazi ya miaka 1,000. Ardhi ya peati ni asilimia 3 hivi tu ya nchi kavu ya dunia, lakini imehifadhi kaboni nyingi kuliko misitu yote ikijumlishwa. Ikikaushwa na kuchimbwa ili mtu apandie maua kwenye dirisha lake, kaboni hiyo hutoka kwenda angani. Agosti 2022 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba uuzaji wa peati kwa wakulima wa bustani za nyumbani ungekoma ifikapo 2024. Mwaka huo ukaisha bila sheria kupitishwa. Wenye vishamba wengi hawakusubiri Bunge. Walirudi kwenye kizimba cha babu zao.

Na sisi je?

Hapa ndipo habari ya Nottingham inapotugusa. Sisi hatuchimbi peati, lakini tunachimba msitu. Ingia kwenye kitalu chochote cha miche pembezoni mwa miji yetu uulize viriba vimejazwa nini: mara nyingi utaambiwa ni udongo wa msituni, mchanga na samadi. Udongo huo wa juu, mweusi, hubebwa kwa magunia kutoka chini ya miti, na msitu huachwa na mizizi nje. Ukiuangalia vizuri, uzuri wake unatokana na majani yaliyooza. Tunakwenda mbali kuiba kitu ambacho kila asubuhi tunakifagia chini ya mwembe na kukitia kiberiti. Penye miti hakuna wajenzi.

Ni kweli kwamba hali zetu si zao. Kwetu majani hayaji kwa mkupuo wa wiki sita. Mwembe hudondosha mwaka mzima, na miti ya miombo hupukutisha wakati wa kiangazi. Joto letu huozesha haraka, kwa hiyo palipo na unyevu miezi michache inaweza kutosha pale Mwingereza anapongoja miaka. Adui wetu ni ukavu: rundo likikauka kuvu huacha kazi na mchwa huhamia. Kuna pia sababu ya haki inayowafanya mama zetu wafagie na kuchoma, nayo ni nyoka na nge. Rundo la majani lisikae mlangoni wala watoto wanapochezea. Liwe mbali na nyumba, kwenye kivuli, na lifukuliwe kwa reki, si kwa mkono.

Moshi wa majani yanayochomwa ni sumu kwa kifua cha mtoto, na majivu yanayobaki hupeperushwa na upepo wa siku hiyohiyo. Mwenye kitalu anayenunua udongo wa msituni analipa pesa kwa kitu kinachoteketezwa uani kwa jirani yake. Basi wiki hii, ukimaliza kufagia, usiwashe moto. Simamisha nguzo nne kwenye kivuli, zungushia wavu au hata makuti, jaza majani, yamwagie maji, na umwagie tena kila yanapokauka. Mvua za kupandia zikifika, lifukue rundo hilo na usie humo mbegu zako za mchicha.